Kwa nini kadi ya mtandao huganda huku taa zake zikiwaka

Dalili yenyewe anaijua kila fundi wa mtandao aliyewahi kuitwa usiku kwenye ofisi ya Posta au hosteli ya Sinza. Taa ya kadi inawaka, kebo ni nzima, swichi inaiona mashine, lakini hakuna pakiti inayotoka. Ukizima kiolesura na kukiwasha tena, mambo yanarudi. Zikipita siku chache, yaleyale. Lawama huenda kwa mtoa huduma, kwa kebo, au kwa umeme, na mara nyingi ni za haki: Dar es Salaam ina joto, unyevunyevu wa bahari na umeme unaoyumba, na vyote vitatu hula vifaa. Hata hivyo, kabla hujavuta kebo mpya, soma logi ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, kwa `dmesg -T`. Huenda ukakuta mstari unaofanana na huu (maneno hutofautiana kidogo kwa toleo la kerneli):

`NETDEV WATCHDOG: eth0: transmit queue 0 timed out`

Mstari huo unasema kwamba foleni ya kutuma ilisimamishwa, kerneli ikasubiri draiva (programu inayoendesha kadi) iiamshe, na muda wa kusubiri, kwa kawaida sekunde 5, ukapita bila foleni kuamshwa. Inawezekana kadi imekufa. Inawezekana pia kadi ni nzima kabisa, ila sehemu mbili za draiva zimeigusa foleni kwa wakati mmoja na kila moja ikaamini kwamba nyingine itamalizia kazi. Huo ndio mgongano wa zamu: wawili wanaigusa data ileile, na matokeo yanategemea nani alitangulia kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Mifano yote hapa ni ya Linux, kwa kuwa ndiyo iliyo ndani ya ruta nyingi, ndani ya seva nyingi za watoa huduma, na ndani ya kompyuta kuukuu zinazonunuliwa Kariakoo na kugeuzwa ruta za hosteli.

Waorodheshe kwanza wanaoigusa data

Anayeanza kuandika draiva huuliza atumie kufuli gani, yaani njia ipi ya kuhakikisha mmoja tu anaigusa data kwa wakati mmoja. Swali hilo limewahi mno. Kufuli hulinda data, halilindi mistari ya msimbo, kwa hiyo la kwanza kujiuliza ni hili: data hii inaguswa na nani, akiwa katika hali gani, na je, anaruhusiwa kulala? Kulala hapa ni kuachia prosesa na kusubiri mpaka jambo fulani litokee.

Chukua pete ya kutuma. Ni safu ya deskripta kwenye kumbukumbu, tuseme 256, na kila deskripta ina anwani ya pakiti, urefu wake na biti za hali. Draiva hutunza namba mbili: mahali pa kuweka pakiti ijayo, na mahali ilipofikia katika kusafisha pakiti zilizokwisha kwenda.

Wa kwanza kuigusa ni mtumaji, yaani fanksheni ya `ndo_start_xmit` ambayo kerneli huiita kila inapotaka pakiti itoke. Inaweza kuitwa kwenye kori yoyote ya prosesa na hairuhusiwi kulala. Kwa draiva za kawaida, kerneli hushika kufuli la foleni kabla ya kuiita, hivyo watumaji wawili hawagongani kwenye foleni moja. Wa pili ni msafishaji, fanksheni ya NAPI (utaratibu wa kerneli wa kushughulikia pakiti kwa mafungu), inayofanya kazi ndani ya katizo laini, yaani kazi ambayo katizo la kadi huiacha ifanywe baadaye kidogo. Nayo hailali, na kwa desturi hupokea hadi pakiti 64 kwa zamu kabla ya kuwaachia wengine. Angalia vizuri hapa: msafishaji hashiki lile kufuli la mtumaji. Mianya mingi ya migongano kwenye draiva za mtandao inaanzia hapo.

Wa tatu ni katizo gumu. Kadi ikitoa ishara, prosesa inaacha chochote ilichokuwa ikifanya, hata kama kilikuwa katikati ya mstari. Wapo pia wasimamizi: amri kama `ip link set` na `ethtool -G`, pamoja na kazi za nyuma zinazofufua kadi iliyokwama. Hawa wanaruhusiwa kulala. Mwisho ni kadi yenyewe, inayosoma na kuandika kumbukumbu moja kwa moja kwa njia ya DMA. Kadi haijui kufuli. Funga makufuli yote ya kerneli, yenyewe itaendelea kuandika.

Orodha ikishakuwa mezani, kuchagua kufuli ni jambo jepesi. Data inayoguswa na wanaoruhusiwa kulala peke yao inatosha muteksi, kufuli ambalo anayelisubiri hulala. Mmoja wao akiwa katizo laini, tumia spinloki, kufuli ambalo anayelisubiri huzunguka bila kulala, na upande wa programu za kawaida uichukue kwa `spin_lock_bh`, ambayo huzuia katizo laini kwenye kori hiyo. Mmoja akiwa katizo gumu, wengine wote waichukue kwa `spin_lock_irqsave`.

Kwa nini ukali huo? Tuseme amri ya ethtool imeshika spinloki kwa `spin_lock` tupu, na papo hapo katizo la kadi likaingia kwenye kori ileile na kutaka spinloki ileile. Katizo litazunguka likisubiri kufuli liachiliwe. Mwenye kufuli hawezi kuliachia, kwa sababu yeye ndiye aliyekatizwa, na hatarudi mpaka katizo liishe. Kori imekufa hapo. Mlinzi wa kerneli hugundua hali hii baada ya takriban sekunde 10 kama makatizo yamezimwa, au sekunde 20 kama bado yanaingia, ndipo utakapoona ujumbe wa `hard LOCKUP` au `soft lockup`.

Kosa la upande wa pili ni kulala ukiwa umeshika spinloki. Kuomba kumbukumbu kwa `GFP_KERNEL`, kuita `msleep`, kuchukua muteksi: vyote vinaweza kulala, na kerneli italalamika `BUG: scheduling while atomic`. Wengi hukimbilia kubadilisha `GFP_KERNEL` kuwa `GFP_ATOMIC`, ambayo hailali. Afadhali kuomba kumbukumbu kabla ya kushika kufuli, kwa maana ombi la `GFP_ATOMIC` hushindwa kirahisi mashine ikielemewa, na mashine huelemewa wakati uleule watu wengi wanapoitegemea.

Adapta za USB zina mtego wake. Kerneli huita `ndo_set_rx_mode` ikiwa imeshika spinloki ya orodha ya anwani, lakini kuipa adapta ya USB amri na kusubiri jibu ni kulala. Draiva ya USB haina budi kuiahirisha kazi hiyo kwenye kazi ya nyuma, na kazi hiyo ya nyuma inahitaji kuzuiwa pale mtu anapochomoa adapta ghafla. Tutarudi kwenye hilo.

Foleni iliyosimama bila kuamshwa

Hebu tuufungue ule mstari wa logi. Mtumaji akiona pete imejaa huita `netif_stop_queue`, ili kerneli isimletee pakiti nyingine. Msafishaji akipata nafasi ya kutosha huita `netif_wake_queue`. Inaonekana haina tatizo, mpaka uzipange hatua kwa zamu hii:

1. Kwenye kori 0, mtumaji anaweka pakiti, anahesabu nafasi, anakuta haitoshi.
2. Kabla hajasimamisha foleni, msafishaji kwenye kori 1 anasafisha pete yote. Anauliza kama foleni imesimama. Bado haijasimama, kwa hiyo haamshi chochote, anaondoka.
3. Kori 0 inaendelea na kuisimamisha foleni.

Sasa pete ni tupu na foleni imesimama. Kwa kuwa hakuna pakiti kwenye pete, hakuna kitakachokamilika, kadi haitatoa katizo la kukamilika, na msafishaji hatakuwa na sababu ya kurudi kuiamsha foleni. Zinapita sekunde 5, mlinzi wa foleni (ile `WATCHDOG` ya kwenye logi) anapiga kelele.

Dawa yake ni kusimamisha kwanza, kisha kuangalia tena:

```c
/* upande wa mtumaji */
if (nafasi(pete) < KIWANGO) {
    netif_stop_queue(dev);
    smp_mb();
    if (nafasi(pete) >= KIWANGO)
        netif_start_queue(dev);
}

/* upande wa msafishaji */
pete->safi = mpya;
smp_mb();
if (netif_queue_stopped(dev) && nafasi(pete) >= KIWANGO)
    netif_wake_queue(dev);
```

Ile `smp_mb()`, kizuizi kinachoilazimisha prosesa kukamilisha maandishi yake kabla ya kusoma, inahitajika pande zote mbili. Kila upande unaandika kitu kimoja kisha unasoma kingine, na prosesa, hata za x86 zinazosifiwa kwa kufuata mpangilio, zinaruhusiwa kusoma kabla maandishi yao hayajaonekana kwenye kori nyingine. Ukiiondoa upande mmoja, wote wawili wanaweza kusoma hali ya zamani na mwanya unabaki palepale. Kosa hili hupita kwenye ukaguzi wa macho, kwa sababu msimbo unasomeka kana kwamba uko sahihi.

`KIWANGO` nacho kisiwe 1. Pakiti moja inaweza kuja kwa vipande: kwa kawaida hadi vipande 17 pamoja na kichwa chake, yaani deskripta 18, na kadi nyingine hudai deskripta za ziada. Ukisubiri nafasi iishe kabisa ndipo usimamishe, pakiti ijayo ya vipande vingi itakosa pa kukaa. Kerneli za miaka ya karibuni zina makro za mpangilio huu wote ndani ya `net/netdev_queues.h`. Anayeandika draiva mpya leo azitumie. Kuuandika upya ni kujitafutia kazi.

Mwanya huu ni wa nanosekunde chache, na wengi huuliza kwa nini miaka ya nyuma haukuwasumbua. Kasi ndiyo jibu. Kabla ya mikongo ya baharini kutua Dar es Salaam, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, kiungo cha satelaiti cha kbps 512 kilipitisha pakiti kubwa za baiti 1,500 takriban 42 kwa sekunde. Kiungo cha Gbps 1 kinapitisha zaidi ya 81,000 za ukubwa huohuo, na za ukubwa mdogo kabisa hufika 1,488,095 kwa sekunde, yaani moja kila nanosekunde 672. Pete ya deskripta 256 iliyojaa pakiti kubwa humalizika kwa milisekunde 3 hivi, kwa hiyo chini ya mzigo mzito foleni inaweza kusimama na kuamshwa mamia ya mara kwa sekunde. Jambo linalotokea mara moja katika mamilioni halikuwa la kuogopa kwa pakiti 42. Sasa linaweza kutokea kabla ya chakula cha mchana.

Idadi ya kori nayo inachangia. Kerneli iliyojengwa kwa prosesa moja bila upokonyaji (kuikatiza kazi moja ili nyingine ipate prosesa) huigeuza spinloki kuwa si kitu, na hata kerneli ya kawaida ikikimbia kwenye mashine pepe yenye kori moja, wawili hawawezi kukimbia sambamba. Draiva iliyojaribiwa hapo haijajaribiwa. Weka angalau kori 4.

Upande wa kupokea una ndugu wa mwanya huu. Msafishaji anamaliza pakiti zote, na kabla hajawasha tena katizo la kadi, pakiti nyingine inaingia. Kama kadi hutoa ishara kwa tukio jipya tu, hiyo italala kwenye pete mpaka nyingine ije. Mtumiaji anaona ping inayochelewa bila mpangilio. Mfuatano sahihi ni kuita `napi_complete_done` kwanza, kisha kuwasha katizo, na kwa kadi zisizokumbuka tukio lililopita, kuangalia pete mara moja zaidi.

Mshirika asiyejua kufuli

Kwa kadi, kinachotusaidia ni mpangilio wa maandishi. Kila deskripta ina biti ya umiliki: ikiwashwa, deskripta ni ya kadi, ikizimwa, ni ya draiva. Draiva huandika anwani na urefu, inaita `dma_wmb()`, ndipo inawasha biti ya umiliki. Bila kizuizi hicho, kadi inaweza kuona biti imewashwa huku anwani ikiwa bado ya pakiti iliyopita, ikatuma takataka au ikaandika juu ya kumbukumbu ya mtu mwingine. Wakati wa kupokea, mambo yanageuka: soma biti ya hali, ita `dma_rmb()`, ndipo usome urefu na yaliyomo.

Kwenye x86 kosa hili linaweza kujificha kwa miaka, kwa kuwa prosesa hizo hazibadilishi mpangilio wa maandishi ya kawaida. Ukiichukua draiva hiyohiyo na kuiweka kwenye ruta yenye prosesa ya ARM, kosa linajitokeza. Anayeuza ruta za ARM kwa draiva iliyojaribiwa kwenye kompyuta ya mezani peke yake anawauzia watu hatari.

Amri ya ip ikikataa kurudi

Ipo dalili nyingine, na watu huichanganya na ile ya kwanza. Safari hii pakiti zinapita na wateja hawalalamiki, lakini ukiandika `ip link set eth1 up`, amri haijibu. Ctrl-C haisaidii. Baada ya dakika mbili logi inaandika kwamba kazi fulani imezuiwa kwa zaidi ya sekunde 120.

Hapo kilichokwama ni RTNL, muteksi unaolinda mipangilio ya mtandao ya mfumo mzima. Mmoja akiushika asiuachie, kila anayetaka kubadilisha kiolesura chochote atasubiri, hata kama kadi yake haihusiki kabisa. Mkwamo ambao nadhani kila mwandishi wa draiva aujue ni huu: kerneli huita `ndo_stop` ikiwa imeshika RTNL. Ndani yake draiva inaita `cancel_work_sync` ili kusubiri kazi ya kufufua kadi iishe. Kumbe kazi hiyo, iliyokwisha kuanza kwenye kori nyingine, mstari wake wa kwanza ni `rtnl_lock()`. Huyu anamsubiri yule, yule anamsubiri huyu, na hakuna wa tatu wa kuwaamua.

Kuna njia mbili za kuukwepa. Kazi ya nyuma inaweza kutumia `rtnl_trylock()`. Ikishindwa, ijipange upya na kutoka. Au `ndo_stop` isisubiri kabisa: kazi ya nyuma ichukue RTNL kisha iulize `netif_running()`, na kama kiolesura kimezimwa itoke bila kugusa kitu, huku `cancel_work_sync` ikihamishiwa kwenye hatua ya kuiondoa draiva, baada ya `unregister_netdev`, ambapo RTNL haijashikwa. Ya pili ndiyo ninayoipendekeza. Ile ya `trylock` hufanya kazi, ila kwenye mashine ambayo RTNL ina shughuli nyingi, kadi inaweza kukaa muda mrefu ikingoja kufufuliwa.

Mkwamo wa karibu na huo unatokana na `napi_disable`. Fanksheni hii husubiri msafishaji aishe na kumfungia mlango. Ukiiita mara mbili mfululizo bila `napi_enable` katikati, ya pili husubiri milele. Kwa kawaida hutokea hivi: njia ya kufufua kadi imeizima NAPI, ikapata hitilafu katikati na kutoka bila kuiwasha, kisha msimamizi akazima kiolesura. Njia za hitilafu ndizo zinazojaribiwa kidogo kuliko zote, na ndizo zenye mikwamo mingi.

Sasa kuhusu kuchomoa. Draiva inapoondoka, mfuatano ni kila kitu: kwanza zuia wapya kuingia kwa `unregister_netdev`, nyamazisha kadi isitoe makatizo, kisha subiri kila aliyekuwa ndani atoke (katizo kwa `free_irq`, saa ya draiva kwa `timer_delete_sync`, ambayo kwenye kerneli za zamani iliitwa `del_timer_sync`, kazi za nyuma kwa `cancel_work_sync`), ndipo uachie kumbukumbu, na `free_netdev` iwe ya mwisho. Tahadhari na saa inayoanzisha kazi ya nyuma, nayo kazi ikaitega saa upya. Ukisimamisha moja, nyingine inaifufua. Tangu Linux 6.2 ipo `timer_shutdown_sync`, ambayo huifunga saa isitegwe tena, na hiyo hukata mnyororo.

Kuhusu takwimu za trafiki, fupi tu. Kwenye ruta ya biti 32, kihesabu cha biti 64 husomwa kwa vipande viwili, na anayekisoma katikati ya kuandikwa hupata namba isiyowahi kuwepo. Kipande cha chini hujaa kila sekunde 34 kwa Gbps 1. Ukiona grafu yako imeruka ghafla kwa GiB 4 kamili, shuku draiva isiyotumia `u64_stats_sync`.

Kuukamata mgongano

Usisubiri wateja wakukamatie. Jenga kerneli ya majaribio yenye `CONFIG_PROVE_LOCKING`, `CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP` na `CONFIG_KASAN`. Ya kwanza huwasha lockdep, iliyoingia kwenye kerneli mwaka 2006, na ubora wake ni kwamba haihitaji mkwamo utokee. Ikiona kufuli A likishikwa kabla ya B, na siku nyingine B kabla ya A, inatoa onyo la `possible circular locking dependency` hata kama wawili hao hawakukutana. KASAN hukamata kumbukumbu iliyoguswa baada ya kuachiliwa. Kwa migongano ya kusoma na kuandika bila kufuli ipo KCSAN, tangu Linux 5.8 ya mwaka 2020. Ijenge kwenye kerneli tofauti, kwa sababu haiwekwi pamoja na KASAN. Zote hupunguza kasi sana, kwa hiyo zisiende kwa wateja.

Kisha isumbue kadi. Endesha `iperf3`, programu ya kupima kasi ya mtandao, pande zote mbili na, wakati huohuo, rudia mfululizo kuzima na kuwasha kiolesura, kubadilisha ukubwa wa pete kwa `ethtool -G`, na kuitenga draiva kupitia faili ya `unbind` chini ya `/sys/bus/pci/drivers`. Punguza pete hadi kiwango cha chini kabisa ambacho kadi inakubali, ili foleni isimame mara nyingi zaidi. Ruhusu usiku mzima. Fanya hivyo kwenye mashine unayoweza kuifikia kwa njia nyingine, kwa maana SSH kupitia kadi hiyohiyo itakuacha nje.

Mashine iliyokwama kazini usiizime mara moja kama wateja wanaweza kuvumilia dakika mbili. Andika `echo w > /proc/sysrq-trigger` kupata kazi zilizozuiwa na mahali zilipokwama, kisha `echo l` kwenye faili hiyohiyo kupata kinachofanywa na kila kori. Soma `/proc/interrupts` mara mbili kwa tofauti ya sekunde 10: namba za kadi zisiposogea wakati foleni imesimama, kadi haitoi makatizo, basi elekea kwenye ule mwanya wa foleni au kwenye kadi yenyewe. Zikisogea bila pakiti kutoka, mtazame msafishaji. Hifadhi `dmesg` yote, toleo la kerneli kwa `uname -r`, na matokeo ya `ethtool -i`, `ethtool -g` na `ethtool -S`. Ndipo uiwashe upya.